Mwaka wa Fisi wa Ng'ambo ya Mto

Limbu amezikwa Jumatano na mimi nilikuwepo. Wanangu walinishangaa. Mama, kwa miguu hiyo inayovimba, utoke Bariadi mjini uende mpaka kule maporini kwa ajili ya mzee wa sungusungu ambaye si ndugu wala jirani? Nikawaambia kila mtu ana mazishi yake, haya ni ya kwangu, nitafutieni bodaboda mwenye adabu. Kule nikakuta watu wengi, na watani wa marehemu wameshaanza kazi yao. Kijana mmoja alikuwa amevaa koti la Limbu na kofia yake, ameshika fimbo badala ya mkuki, anaonyesha jinsi mzee alivyomuua yule fisi kwa pigo moja. Alikuwa anachuchumaa, anaruka, anafanya fisi, kisha anafanya Limbu, na akina mama waliokuwa wakilia wakawa wanacheka huku wanajifuta machozi. Ndivyo inavyotakiwa, msiba usiwe mzito mno. Mtu akaniona, akasema, "Mwalimu Minza huyu hapa, si ulikuwepo mwaka ule? Hebu tuambie." Nikajibu kwamba nilikuwepo, kisha nikaomba maji ya kunywa. Nimezaa kwa shida, nimezika mume, nimepinduka na basi nikatolewa dirishani, lakini hofu niliyoijua mwaka ule sijakutana nayo tena, na bado inanijua. Na fisi yule hakuuawa kwa pigo moja. Wala pigo la kwanza halikuwa la Limbu.

Kijiji sitakitaja, kwa sababu watu wake wangali hai na wengine wamenipa chai wiki hii hii. Kiko mbele ya Mwamapalala, ukielekea mashariki, kule ambako mashamba ya pamba yanakwisha taratibu na miiba inaanza. Mimi ni mtu wa ziwani, Kalemela, nimezoea upepo na harufu ya dagaa. Nilipotoka chuo cha ualimu nikapangiwa huko nililia siku nzima, si kwa sababu ya umbali, ila kwa sababu ya uwazi wake. Ardhi nyeusi, tambarare, ikinyesha mvua inakung'ang'ania viatu mpaka unavibeba mkononi, ikikauka inapasuka nyufa ambamo mtoto anaweza kupoteza mguu. Miti michache. Kulikuwa na mto wa mchanga, ambao kiangazi unachimba shimo ndipo unapata maji, na ng'ambo ya mto huo ni pori la akiba, na baada ya pori ni mbuga yenyewe, ile ambayo wazungu wanaijia kwa ndege. Upande huu watu, upande ule wanyama, na katikati mchanga tu. Hakuna ukuta wala waya. Nilimuuliza mwalimu mkuu siku ya kwanza, wanyama wanajuaje mpaka uko wapi? Akacheka, akasema, "Hata sisi tuliambiwa tu."

Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nikapewa chumba kwa Mayu Kwandu. Mayu kwetu ni mama, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wa rika lake. Alikuwa mjane, watoto wake wameolewa mbali, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa mto. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo la mbao na sakafu iliyosiribwa kwa samadi, safi kuliko sementi nyingi nilizoziona baadaye. Tulikula pamoja jikoni, kibanda cha nyasi kisicho na tundu la moshi, na kwa kuwa kuni hazikuwepo, tulipikia miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake unauma. Mimi nilikuwa natoka nje kila mara kupumua, yeye anakaa humo humo anakoroga ugali wa mtama, macho mekundu pyuu, machozi yanamtiririka, na huku ananisimulia habari za watu. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, mchana mlenda au nsansa ya majani makavu ya kunde, na kama mbuzi amezaa, maziwa. Alikuwa mchokozi. Alikuwa ananiambia, "Ninyi wa ziwani mnakula samaki na macho yake, halafu mnasema sisi ndio washenzi." Nilimpenda mapema mno, kama mtu anavyompenda wa kwanza aliyempa chakula ugenini. Nayataja macho yake kwa sababu kila mwanamke mzee wa kule aliyepikia moshi ule alikuwa nayo, na kila mtu alijua yanatokana na nini, na bado kwa macho hayo mtu huitwa mchawi.

Nilikuwa nafundisha jiografia na historia. Nilichora ramani ya nchi juu ya gunia la unga lililofumuliwa, nikaipaka rangi: bluu maziwa, kahawia milima, kijani hifadhi za wanyama. Nikajivunia. Darasa la sita walikuja mbele mmoja mmoja kutafuta kijiji chao, na walipokipata ikawa kimo ndani ya kijani, kwa sababu brashi yangu ilikuwa nene. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo sisi ni wanyama?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Jioni nikamsimulia Mayu Kwandu. Yeye hakucheka. Akaniambia amezaliwa ng'ambo ya mto, kabla mpaka haujawekwa, na makaburi ya baba na mama yake yako kule kule, chini ya mikwaju, na sasa akitaka kwenda kuyafagia anaitwa jangili. "Tulikaa nao wale," akasema, akielekeza kidevu mashariki. "Kila mmoja na njia yake. Tulijua anayepita saa ngapi." Niliandika maneno yale kwenye somo langu la historia na nikaona ni ya kupendeza. Sikujua kwamba yanaweza kumuua mtu.

Fisi alianza na mbuzi. Hilo si habari, fisi wako siku zote, ukilala unawasikia wakiitana. Huyu alikuwa tofauti kwa kuwa hakungoja giza. Alikuja jua likiwa bado linaonekana, alikuja alfajiri watu wakikamua, alitembea kati ya nyumba na nyumba, na waliomwona walisema anachechemea na haogopi. Kisha akamchukua mtoto wa Limbu. Limbu alikuwa kamanda wa sungusungu, mtu mrefu, mkimya, mwenye sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Mtoto alikuwa wa mwisho, wa kike, ndiyo kwanza ameanza kutumwa. Alitumwa kuleta kibuyu nyuma ya ghala, hatua chache tu na mama yake akiwa uani anapepeta mtama. Mama alisikia kibuyu kikivunjika. Ukapigwa mwano. Kwa asiyejua, mwano ni yowe letu la hatari: mmoja anaanza, anayesikia anaupokea na kuupeleka mbele, na ndani ya muda mfupi nchi nzima inalia. Ukiusikia lazima utoke. Mwenye mkuki na mkuki, asiye na mkuki hata na mchi, na nyumba isiyotoa mtu itajieleza. Nilitoka na jembe. Nilikimbia na watu nisiowajua, na nilichokiona mwishoni sitakiandika. Limbu alivua shuka lake akafunika, akabeba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Baada ya mazishi yale kijiji kilibadilika sauti. Watu wakawa wanaongea chini chini. Kwenye mashine ya kusaga nilikuwa nimekaa juu ya debe langu, injini ikazimika ghafla ili mkanda urekebishwe, na sentensi ya mwanamke mmoja ikabaki hewani: "...mbona kwake hajapoteza hata kifaranga." Wakaniona. Wakaanza kunisalimia, mwadila mwalimu, mhola, za shule, salamu nyingi kupita kiasi. Nilijua kwake ni kwa nani. Mimi pia nilikuwa nimeliona hilo, kwamba nyumba ya mwisho kando ya mto, ya kwanza kwa anayetoka porini, mbuzi wake wote wapo. Kesho yake darasani, somo lilikuwa wanyama walao nyama. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, maana nilitaka ifike mpaka majumbani, "Fisi ni mnyama wa porini. Hana mwenyewe." Masunga, mvulana mpole wa dawati la mbele, akanyosha mkono. "Mwalimu, huyu anayekula watu ana mwenyewe." Nikauliza ni nani. Darasa zima liliniangalia mimi, wale watoto wote, kwa huruma, namna mnavyomwangalia mtu ambaye hajapewa habari ya msiba wake. Nikageuka ubaoni nikaandika tarehe ambayo tayari ilikuwa imeandikwa.

Sasa niseme lililonitisha kuliko yote. Alfajiri moja niliamka kwa haja ndogo, nikasikia sauti ya Mayu Kwandu nje, karibu na uzio wa minyaa. Alikuwa anaongea na mtu kwa upole, namna anavyoongea na mkwe. Nikasogeza ubao wa dirisha. Mwanga ulikuwa wa kutosha. Fisi alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio, kichwa chini, mguu mmoja wa nyuma ameuinua juu haukanyagi. Na yule mama amesimama upande huu, mikono ameikunja kifuani, anamwambia kwa Kisukuma, "Pita salama, mgeni. Hapa hakuna chako. Njia yako ni ile, pita." Fisi akakaa kidogo. Akapita. Nilikaa chini ya dirisha na nikaamini. Elimu yote ilinitoka kama maji kwenye chekeche. Niliamini ni wake, kwamba nimekuwa nakula mikononi mwa mtu anayefuga yule aliyemtafuna mtoto. Nilikaa chumbani mpaka jua lilipopanda, naye akaja mlangoni na bakuli la michembe, "Mwalimu, unaumwa?" Sikuweza kula. Mwisho nikamuuliza, maana kukaa bila kujua kulikuwa kunaniua. Akashangaa swali. Akasema baba yake ndivyo alivyowafundisha kule ng'ambo: mnyama mkali akifika mlangoni humtaji jina lake, ukimtaja ameitwa, na aliyeitwa hurudi. Unamsalimu kama msafiri, unamwonyesha njia. "Wenzangu wanapiga kelele, mbiti, mbiti, mbiti," akasema, yaani fisi kwa Kisukuma. "Halafu wanashangaa harudi kwangu anarudi kwao." Alisema kwa kiburi kidogo, kiburi cha mzee anayejua jambo. Nikamwomba kwa jina la Mungu asilirudie. Lakini Masunga alikuwa akipeleka ng'ombe majini alfajiri ile ile, na alikuwa amemsikia akiongea na fisi.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango. "Minza, hama," akasema. "Nimeshaongea na Mwalimu wa hesabu, utalala sebuleni kwao." Nikamuuliza kwa nini, ingawa nilijua. Akazungusha kalamu. "Wanasubiri utoke. Mtumishi wa serikali akiwa mle ndani hawataingia, wanaogopa kesi. Ukitoka, basi." Ile "basi" aliisema kwa sauti ndogo, alitaka nisiisikie. Alikuwa mtu mwema, alikuwa ananiokoa mimi, na kwa kuniokoa akaniambia kwamba mimi na Mayu Kwandu tumefungwa kamba moja. Nikarudi nyumbani nikaanza kufungasha. Kweli kabisa, nilikunja nguo zangu, nikazitia kwenye sanduku, nikakaa juu yake. Mayu Kwandu alikuwa anaosha vyombo uani, anaimba wimbo wa kulimia. Nikamwambia, mayu, twende wote, twende Kalemela kwetu, uone ziwa. Akasema, "Nikiondoka watasema mwenye fisi amekimbia, watanifuata hata huko ziwani kwenu. Nikibaki, labda." Nikafungua sanduku nikazitoa nguo. Watu wamewahi kuniita jasiri kwa hilo. Ujasiri gani? Kila usiku nililala na viatu miguuni, na kila mbwa aliyebweka nilihesabu ni wao.

Walikutana kwenye josho, birika la kuogeshea ng'ombe ambalo lilikuwa halina dawa miaka mingi, na watu walikaa kwenye kingo zake. Wanawake tulikaa nyuma. Mayu Kwandu alikaa peke yake, nafasi imeachwa kila upande, nami nikasogea nikakaa naye, na makalio yangu nadhani yalikuwa yanatetemesha ile sementi. Wazee walisema fisi wa namna hii hauawi ovyo. Anayempiga kwanza anajitafutia, laana inamwendea. Na fisi mwenye mwenyewe akifa, mwenyewe hamalizi mwezi: homa inamshika, anaungua, anamfuata. Wote walilisikiliza hilo kama watu wanaosikiliza tangazo la mvua. Hakuna aliyemtaja mtu. Limbu aliongea mwisho. Alisema, "Mwano ukipigwa, kila nyumba itoe mtu. Kila nyumba." Akaangalia upande wetu. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu kuliko ya Mayu Kwandu, lakini nani angemwambia.

Mwano ulipigwa asubuhi ya Jumamosi, pamba ikiwa imeanza kupasuka. Fisi alikuwa amenaswa akiiba ndama, wamemkimbiza, ameingia kwenye ngitili, ile sehemu tunayoizuia nyasi zikue kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Nyasi za kiunoni, wanaume wamezizunguka. Mayu Kwandu alichukua mchi. Nikasimama mlangoni nikamzuia kwa mikono yote miwili, "Usitoke mayu, watakuua huko." Akanijibu bila hasira, "Nisipotoka ndiyo wataniua. Nipishe." Nikampisha, nikamfuata. Njiani aliupokea mwano, sauti yake nyembamba ya kizee ikapanda, na mwingine mbele hakuupokea. Ukafia hewani. Sijawahi kusikia kitu kibaya vile.

Tulipofika, nyasi zilikuwa zimekanyagwa na fisi alikuwa katikati, amelala ubavu, anahema, damu kwenye mdomo, na wanaume wote na mikuki yao wamesimama. Hakuna aliyetupa. Waliotoka kwa ujasiri wote ule walikuwa wanaangaliana nani aanze, na kila mmoja anakumbuka maneno ya josho. Walipomwona Mayu Kwandu wakafungua njia. Limbu akasema, "Mayu, anza wewe." Basi nikaelewa, na yeye alielewa kabla yangu. Akikataa, ni wake. Akipiga, wataangalia kama atakufa. Mwanamke yule mfupi akatembea na mchi wake, kanga imefungwa kiunoni, akafika, na fisi akainua kichwa akamwangalia. Nilidhani atamsalimu. Niliomba asimsalimu. Akainua mchi akapiga, si kwa nguvu, nguvu hakuwa nayo, akapiga tena, na hapo mikuki ikaja. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Limbu alikuwa amechuchumaa kwenye mguu wa nyuma wa yule mnyama. Mguu ulikuwa umeoza, na ndani ya kidonda umezama waya, mtego wa kuwindia swala, umesokotwa kwa waya wa breki ya baiskeli namna wanavyosokota pale pale kijijini. Fisi wa miguu mitatu, hawezi swala, anawezana na mbuzi na watoto. Limbu aliutoa waya ule kwa kisu, akauangalia ulivyosokotwa, akautia mfukoni. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Mwana wake mkubwa ndiye aliyekuwa fundi wa mitego kijiji kizima. Kisha akasimama akasema, "Amekufa. Kama ana mwenyewe, tutajua."

Na siku chache baada ya hapo, kwa mvua zile za mwisho na mbu wale, Mayu Kwandu akashikwa na homa. Malaria tu. Mimi nilishaumwa hiyo hiyo tangu nifike, nusu ya darasa langu walikuwa wanaumwa. Lakini nilipoingia jikoni nikamkuta amejikunja kando ya jiko anatetemeka, sikufikiria malaria, nilifikiria mwezi mmoja. Akanishika mkono. "Wasione," akasema. Nikaenda zahanati nikasema ni mimi ninayeumwa, kwa sababu mume wa nesi alikuwa sungusungu. Nesi, mwanamke makini, akanimiminia vidonge vya klorokwini na kikombe cha maji, akasimama mbele yangu mpaka nimeze. Nikameza dozi ya mtu mwingine, chungu, na masikio yakaanza kuvuma, mwili ukaniwasha nikajikuna mpaka damu. Vilivyobaki nikampelekea. Havikutosha.

Kila asubuhi watu walipita njia ile, watu ambao hawakuwa na sababu ya kwenda mtoni. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwosha, nikamvalisha, nikamtoa nje nikamkalisha kwenye kigoda juani, na ungo wa karanga mapajani ili mikono iwe na kazi na kutetemeka kuonekane kubangua. Wakipita anasema mwangaluka, wanajibu, wanapunguza mwendo, wanamwangalia. Wakishapotea nambeba ndani, mwepesi, ananiunguza kupitia nguo. Shuleni nilifundisha bila kujua nafundisha nini, sikio liko upande wa mto. Nilikuwa nataka kulia mbele ya darasa. Masunga aliniuliza, "Mwalimu, mayu hajambo?" Nikamwambia hajambo kabisa, amebangua karanga debe zima. Akashusha macho, nadhani alifurahi, alikuwa mtoto tu.

Limbu alikuja mchana, na wanaume wengine wakabaki njiani wameegemea mikuki. Alisalimu, akaketi kwenye gogo, akakaa. Nikaleta michembe, akala pole pole, moja moja. Aliongea habari za pamba, kwamba bei haijulikani, kwamba wadudu ni wengi. Mayu Kwandu akawa anamjibu kwa maneno mafupi, meno ameyauma ili yasigongane. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kilemba na mimi nilikuwa naliangalia likishuka kuelekea kwenye nyusi, nikiomba lisimame. Nilitamani aondoke. Nilitamani michembe iishe. Iliisha. Limbu akanyanyuka, akaja mbele ya kigoda, na kwa kuwa yeye ni mdogo kwake, akainama na kunyosha mikono yote miwili amuage kwa heshima.

Hakukuwa na la kufanya. Kumnyima mgeni wako mkono ni kosa kubwa kuliko uchawi. Mayu Kwandu akaweka ungo chini, akampa mkono wake. Limbu aliufunika kwa viganja vyake, nikamwona anaganda. Alijua. Angewezaje asijue, alikuwa ameshika kaa la moto. Walikaa hivyo, yule mama anamtazama moja kwa moja machoni, hakuomba kitu, na mimi nimesimama na sahani tupu. Baba wa mtoto yule. Alikuwa na haki zote walizompa watu, na wanaume njiani wanangoja neno moja tu kutoka kwake.

Akaachia mkono polepole, akageuka, akawaambia kwa ile sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha, "Mayu ni mzima. Mkono wake baridi. Twendeni, ng'ombe hawajanywa."

Wakaenda. Hakuniangalia, na mpaka anakufa hatukuwahi kulizungumza. Mayu Kwandu alibaki ameunyosha mkono ule mbele yake, hajui aupeleke wapi, mpaka nikachuchumaa nikaushika mimi. Ulikuwa wa moto kiasi kwamba nilishtuka, ingawa nilikuwa najua.